Kanisa Dogo la Malindi: Mawe Yake na Makuti Yake

Mtaa wetu unaitwa Majengo. Si sisi peke yetu wenye jina hilo. Mombasa iko Majengo, Nairobi iko Majengo, na miji mingine ya Afrika ya Mashariki vilevile. Lakini huku Goma jina hilo lina uzito wake, maana sisi tunajenga juu ya mawe yaliyotoka tumboni mwa mlima, na tunajua vizuri kwamba mlima huo waweza kuyatoa tena.

Sikilizeni mazungumzo ya watu baada ya Misa ya Dominika. Mtu aliyejenga kwa mawe husemwa kwamba amefika. Mwenye nyumba ya mbao husemwa kwamba bado yumo safarini, hata kama amekaa humo miaka 20 na kulea watoto wake wote humo. Tumezoea kuipima nyumba kwa kile kilichomo ukutani, kisha tunampima mwenye nyumba kwa nyumba yake. Je, kipimo hiki ni cha haki?

Ili kulijibu ulizo hilo, nataka tutazame pamoja nyumba moja ndogo ya mawe, ya zamani sana. Iko mbali nasi, lakini sisi Wakatoliki inatuhusu. Ni kanisa dogo la Malindi, kwenye pwani ya Kenya, ambalo watu huliita Kanisa la Wareno. Limehesabiwa katika nyumba za kwanza za sala ya Kikristu zinazosimama bado katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Wageni hulisifu kwa sababu ni la zamani. Mimi nasema linastahili sifa nyingine, na pia kwamba sifa nyingine tunazolipa si zake.

NYUMBA YENYEWE

Mtu akifika huko asitazamie kuona mnara, wala kengele kubwa, wala madirisha ya rangi. Ataona kuta nne zilizopakwa chokaa nyeupe, paa la makuti lenye mteremko, na makaburi yamelizunguka. Ni nyumba ndogo kweli. Jumuiya moja ya mtaa wetu ingeijaza, na waliochelewa wangebaki nje kati ya makaburi.

Mawe yake ni matumbawe, yaani mawe ya bahari. Watu wa pwani wana namna mbili za mawe hayo. Moja huchimbwa nchi kavu, nalo ni gumu na lenye kukwaruza; hilo ndilo la kuta. La pili hukatwa baharini lingali bichi. Likiwa na maji bado, huwa laini, fundi hulichonga atakavyo; likikauka huwa gumu. Hilo hutumiwa kwa miimo ya milango na kazi za urembo. Chokaa nayo hutoka katika matumbawe hayohayo: hupangwa juu ya magogo, huchomwa moto, kisha hulowekwa na kuachwa ipoe. Kwa hiyo jiwe na kile kinachoshikanisha jiwe ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo sababu kuta za namna hii hudumu. Zinapumua pamoja, zinalowa pamoja, zinakauka pamoja.

Mafundi wa siku hizi wangefanya vema kulifikiri jambo hilo. Ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji, pumzi yake hufungwa. Unyevu na chumvi hukosa njia ya kutoka, jiwe huanza kuliwa kwa ndani huku nje pakionekana pazuri. Yako matengenezo yanayoua. Anayeitengeneza nyumba ya wazee kwa haraka, bila kuuliza wazee walitumia nini, hufanana na mganga anayempa mgonjwa dawa ya mtu mwingine.

Sasa tutazame paa. Katika nyumba kubwa za mawe za pwani paa lilikuwa bapa, limetengenezwa kwa mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo haziwezi kubeba uzito kama huo kupita upana wa meta 2 na nusu au 3. Kwa hiyo vyumba vya matajiri wa pwani vilikuwa virefu na vyembamba: mti ndio uliokata shauri la upana. Kanisa la Malindi lilichukua njia nyingine. Paa lake ni jepesi, la miti na makuti. Halizisukumi kuta, halizilemei, na likioza huondolewa likawekwa jingine pasipo kuligusa jiwe hata moja. Kuta ni za karne nyingi, paa ni la juzi. Hapo ndipo penye akili ya nyumba hii, na nitaparudia.

NI KAZI YA MIKONO GANI?

Watu wanasema: Kanisa la Wareno. Jina hilo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba Wareno ndio waliohitaji mahali pa kusalia. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, na mfalme wa mji akampokea vizuri na kumpa mwongozaji wa kumpeleka India. Tangu hapo Malindi ukawa rafiki wa Wareno, hali miji mingine ilionja mizinga yao. Mwaka 1505 Kilwa ulitekwa, Mombasa ukachomwa moto. Hatuna budi kuyasema mambo hayo waziwazi. Injili ilifika pwani ndani ya merikebu zilizobeba pia baruti, na jambo hilo liliiletea Injili hasara ya siku nyingi.

Lakini kama swali ni kazi ya mikono, basi tutazame kwa macho yetu. Matumbawe ni ya pwani. Chokaa ni ya pwani. Makuti ni ya pwani. Watu wa Kilwa walijenga msikiti wao mkuu kwa matumbawe karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kufika. Na wenzake Vasco da Gama, walipotia nanga, waliuona mji wa Malindi una nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, zenye madirisha mengi. Hawakuwafundisha watu wa Malindi kujenga kwa mawe. Walikuta ufundi huo umekwisha kukomaa.

Basi kanisa hili lina baba wawili. Sala yake ilitoka ng'ambo, mwili wake ulitoka hapahapa. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika nyumba hii, nalo jina lake linalificha. Haikujengwa kuwaonyesha watu jinsi Lisbon ilivyo. Mwenyeji wa karne ile aliyepita mbele yake aliona nyumba inayosema lugha yake, ingawa ndani yake walisali kwa lugha ngeni. Makanisa mangapi tumejenga baadaye, katika Afrika yote, ambayo kuta zake zilikuwa ngeni kwa watu kuliko hata maneno yaliyosomwa ndani!

MTAKATIFU FRANSISKO KSAVERI

Sifa ya pili inayotolewa kwa nyumba hii ni kwamba Mtakatifu Fransisko Ksaveri alisali humo. Hapa tuwe waangalifu.

Kwamba alipita Malindi, ni hakika. Alitoka Lisbon Aprili 1541, akakaa Msumbiji miezi mingi akingoja upepo na kuwauguza wagonjwa, akaendelea na safari mwanzo wa 1542, akafika Goa, India, mwezi wa Mei. Kutoka Goa aliandika barua kwa ndugu zake, Septemba mwaka uleule, na humo anaeleza habari za Malindi. Anasema ni mji wa Waislamu wenye amani na Wareno. Anasema aliona makaburi ya Wakristu yenye misalaba, na msalaba mkubwa wa jiwe uliopakwa dhahabu, karibu na mji. Anasema mtu mmoja wa merikebu yake alikufa, wakamzika huko kwa ibada kamili, na Waislamu wa mji wakaistaajabia heshima tuliyo nayo sisi kwa wafu wetu.

Tena anaeleza mazungumzo yake na mkubwa mmoja wa mji. Mzee huyo alimuuliza kama Wakristu wanakwenda kanisani kwa bidii, akamsikitikia kwamba katika Malindi ibada imepoa: misikiti ilikuwa 17, lakini watu walikuwa wakienda katika 3 tu. Wasomaji, fikirini kidogo. Padri na Mwislamu wanakutana pwani, na jambo linalowauma wote wawili ni moja: nyumba za sala zipo, wenye kusali hawapo.

Barua hiyo inataja makaburi, msalaba na mazishi. Kanisa haitaji. Basi tukisema kwamba mtakatifu alipiga magoti ndani ya kuta hizi, tunasema mapokeo ya watu, hatusemi maneno yake. Je, nyumba inapungukiwa kitu? Hata kidogo. Mahali alipomzika baharia maskini panatosha. Ukweli mdogo ni msingi bora kuliko sifa kubwa iliyokopwa, na Kanisa halihitaji kukopa.

NYUMBA MBILI ZA MAWE YALEYALE

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Wengi wakiliona kanisa hili husema: Tazama jinsi mawe yanavyodumu! Nasema wamekosea, na ushahidi hauko mbali.

Kama kilometa 15 kusini ya Malindi, msituni, uko mji wa Gedi. Ulikuwa na ukuta, msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima na nyumba nyingi za mawe, zote za matumbawe na chokaa ileile. Mafundi wake hawakuwa duni kwa wale wa Malindi. Katika karne ya 17 watu waliuacha. Mapaa bapa yakaanguka, mizizi ya miti ikaingia ukutani, vyumba vikawa shimo la majani. Bwana James Kirkman alipoanza kuchimba huko mwaka 1948, aliupata mji wenye kuta bila paa hata moja. Mwaka 2024 Gedi uliandikwa na Unesco katika urithi wa dunia, nayo ni heshima kubwa. Lakini ni heshima ya magofu. Hakuna mtoto anayelala humo usiku.

Na Malindi je? Usidhani kwamba kanisa dogo halikuonja ukiwa. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome yao kubwa, Fort Jesus, huko Mombasa, na makao yao yakahamia huko. Malindi ukapungua, hata karne ya 18 ulikuwa karibu umeachwa. Kuanzia 1861 tu, wakati wa Sultani Majid wa Unguja, watu walirudishwa wakalima tena. Baadaye Wakristu wakaanza tena kuzikana pale pale, kando ya kuta zile, na nyumba ikapata watu wa kuitazama. Leo iko chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Makuti yakioza, hufungwa mengine.

Basi mmeona tofauti. Gedi na Malindi: mawe yaleyale, chokaa ileile, ukiwa uleule. Pale hakurudi mtu kuezeka, hapa alirudi. Mawe yanaweza kungoja, wasomaji wangu. Yanangoja miaka mia, hata mia mbili. Lakini hayawezi kujiezeka. Paa ni kazi ya aliye hai. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba asiyeezeka kwa wakati wake, watoto wake hawatakuwa hata na ufa wa kuziba.

Tutazame na Mombasa. Huko Wareno walijenga kwa fahari. Mapadri Waagustino walikuwa na nyumba yao tangu 1597. Mfalme kijana wa ukoo wa Malindi, Yusuf bin Hassan, alilelewa Goa akabatizwa jina la Jerónimo. Aliporudi kutawala alidhulumiwa na kudharauliwa na makapteni wa ngome. Agosti 1631 aliasi, akamwua kapteni, na Wakristu wengi wakauawa pamoja naye, Wareno na Waafrika, walipokataa kuiacha imani. Ngome yenyewe ilitekwa na Waomani mwezi wa Desemba 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Fort Jesus ingalipo, lakini kanisa lililokuwa ndani yake limebaki alama za msingi tu. Sala iliyoegemea mizinga ilianguka pamoja na mizinga. Kile kinyumba cha Malindi, kilichoegemea makaburi ya mabaharia, hakikuwa na adui wa kukiteka.

Wala imani haikuja kwetu kutoka ngomeni. Ilipofika tena pwani, ilianza Unguja mwaka 1860, kisha Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaipeleka Bagamoyo mwaka 1868. Kupitia Bagamoyo, mwaka 1878, Mapadri Weupe waliingia bara kwa miguu. Mwanzo wa 1879 walifika Ujiji na Uganda, na mwaka 1901 walianza misioni ya Nyundo, jirani yetu kabisa. Walilala katika mahema na vibanda vya miti na majani. Sisi wa Kivu ni wajukuu wa vibanda hivyo.

TURUDI MAJENGO

Tuyapeleke sasa maneno haya mtaani kwetu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, moto wake ukaupita mji katikati mpaka ziwani. Kanisa Kuu letu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa. Lilikuwa la mawe na saruji, si la mbao. Mawe ya mlima yaliyashinda mawe ya mwashi. Katika nyumba nyingine za mjini chumba cha chini kilizikwa kabisa, na watu wakaanza kuingilia ghorofani kama ndiko chini. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena, na lava ikakoma karibu na Buhene, kaskazini ya mji. Baada ya misiba hiyo wengi walijenga tena kwa mbao, wakawekwa katika fungu la wale ambao bado hawajafika.

Mimi sisemi tusijenge kwa mawe. Mawe ya volkano ni zawadi. Yana vitundu vingi, hushika udongo na saruji vizuri, na yamelala mlangoni petu. Jiwe lililomfukuza mtu mwaka 2002 lilivunjwa kwa nyundo likawa msingi wa nyumba yake mpya. Huo ni ushujaa, nao unastahili kusifiwa kuliko tunavyousifu. Lakini tujenge kama kile kinyumba cha Malindi kinavyotufundisha.

Kwanza, tujenge kwa kadiri yetu. Chumba kidogo kilichoezekwa ni bora kuliko kuta za ghorofa zinazongoja mabati miaka 10. Mitaani kwetu yako magofu mapya ambayo hayajapata hata siku moja ya kuwa nyumba. Gedi iliishi kwanza, ndipo ikafa. Hayo yamekufa kabla ya kuzaliwa.

Pili, tusilionee haya jiwe letu. Kwa nini kulifunika kwa saruji na kuchora juu yake mistari ya matofali ya uongo? Jiwe jeusi la Goma lina uzuri wake, kama tumbawe jeupe lilivyo na uzuri wa Malindi. Mwashi anayelipanga vizuri, kubwa chini na dogo juu, asifunikwe kazi yake.

Tatu, tuziheshimu sehemu zile ambazo kila mwaka zahitaji mkono. Manjanja yetu ndiyo makuti yetu. Tena katika nchi hii paa ni kisima pia, maana ardhi ya lava hunywa mvua yote, na wengi wetu tunategemea maji ya paa. Paa lenye kutu ni nyumba yenye kiu. Vilevile tuchague mahali kwa busara. Wazee walijua kwamba penye shimo hukaa mazuku, ile hewa nzito inayoua bila harufu. Ukuta mzuri wa mawe hauizuii.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuache kumpima mtu kwa ukuta wake. Nyumba ya mbao ambayo mama huifagia kila asubuhi, baba huigongea msumari ulipolegea, na watoto husalia Rozari jioni, hiyo imefika. Nyumba ya mawe ambayo ndugu wanaigombania mahakamani mpaka inyeshewe, hiyo imekwisha kuanza kuwa Gedi.

Bwana wetu Yezu Kristu alitoa mfano wa mwenye busara aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba. Mara nyingi huku Majengo tunausikia mfano huo na kutazama chini ya miguu yetu, tukifurahi kwamba mwamba tunao. Lakini Yeye mwenyewe alieleza mwamba ni nini: kuyasikia maneno yake na kuyatenda. Juu ya mwamba huo hata mbao husimama.

Kumbukeni jinsi Mtakatifu Fransisko Ksaveri alivyomaliza safari yake. Tarehe 3 Desemba 1552 alikufa katika kisiwa kidogo karibu na China, ndani ya kibanda. Alikuwa na miaka 46. Kibanda kile kilioza zamani. Mwaka 1622 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, na mwaka 1927 likamfanya msimamizi wa misioni zote, pamoja na Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu.

Basi Dominika ijayo, mkitoka Misa na kuanza tena maneno yenu ya nani amejenga kwa nini, ulizeni kwanza nani katika jumuiya yenu ana kikongwe ambaye paa lake linavuja. Mpandieni juu na nyundo na misumari kabla mvua haijarudi.